Kidonda cha Chuchu ya Mwanaume Kisichopona: Namna ya Kuubaini Ugonjwa wa Paget

Mwanaume anapoona chuchu yake ya upande mmoja inawasha, inabambuka magamba na kuacha unyevunyevu kwenye fulana, hudhani kwamba amepata fangasi au ukurutu, na huenda moja kwa moja duka la dawa. Hupewa krimu, hupata nafuu kwa siku kadhaa, hali hurudi, naye hubadilishiwa krimu. Mara nyingi dhana yake huwa sahihi, kwa sababu ukurutu ni ugonjwa wa kawaida na saratani ya titi kwa wanaume ni adimu. Hata hivyo ipo aina moja ya saratani ambayo huweza kujificha katika sura ya ukurutu kwa miezi mingi na hata kwa miaka, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuitambua, kuanzia kwenye kioo cha chumbani kwa mwenye titi hadi kwenye darubini ya mwanapatholojia, yaani daktari wa maabara anayepima vipande vya mwili. Umeandikwa kwa ajili ya wanaume na familia zao, na pia kwa matabibu wa zahanati na vituo vya afya, kwa kuwa hao ndio wanaoiona chuchu hiyo kabla ya daktari bingwa yeyote.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa wa Paget wa chuchu una jina la Sir James Paget, daktari mpasuaji wa Hospitali ya St Bartholomew's mjini London, ambaye mwaka 1874 alieleza habari za wagonjwa wapatao 15, wote wanawake, waliokuwa na kidonda cha muda mrefu kwenye chuchu kilichofanana na ukurutu. Aliona kwamba wote alioweza kuwafuatilia walipata saratani ndani ya titi lile lile katika muda usiozidi miaka miwili. Yeye alidhani kuwa kidonda cha ngozi ndicho kilichotangulia na kuichokoza saratani. Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni ya kinyume: seli za saratani huanzia kwenye mirija ndani ya titi, huifuata mirija hiyo hadi kwenye ngozi ya chuchu, kisha hutawanyika humo na kuiharibu. Ndiyo maana wagonjwa wengi mno wenye kidonda hiki, zaidi ya 8 kati ya 10, hukutwa na saratani nyingine ndani ya titi, ama ile iliyojifungia mirijani ama ile iliyokwisha kuvamia nyama za jirani, hata pale ambapo vidole havikugusa uvimbe wowote.

Katika kila saratani 100 za matiti, takribani moja tu humpata mwanaume; na katika kila saratani 100 za matiti, moja hadi tatu ndizo hujitokeza kama ugonjwa wa Paget. Anayeziweka hesabu hizo mbili pamoja ataelewa kwa nini tabibu anaweza kufanya kazi hadi kustaafu bila kumwona mwanaume hata mmoja mwenye ugonjwa huu. Kwa maoni yangu, uadimu huo ndio hatari yake kubwa, kwa sababu anayeamini kwamba jambo haliwezi kutokea halitafuti.

Yafaa pia kuondoa shaka moja ya zamani: mwanaume ana titi. Nyuma ya chuchu yake kuna kiasi kidogo cha mirija, ingawa kwa kawaida hana vishada vya kutengeneza maziwa, na hiyo ndiyo sababu saratani yake karibu kila mara huwa ya mirija. Kwa kuwa nyama zake ni chache, uvimbe huwa karibu na chuchu, karibu na ngozi na karibu na msuli wa kifua, hivyo huvifikia mapema. Uchache huo una faida yake vilevile, kwani uvimbe mdogo ambao kwa mwanamke ungejificha, kwa mwanaume hugusika kwa urahisi, mradi awepo mtu wa kuugusa.

Maswali yanayotangulia uchunguzi

Swali la kwanza ni muda: hali hii ilianza lini, na je, imewahi kutoweka kabisa au hupungua tu na kurudi? Swali la pili ni mahali ilipoanzia, na jibu lake lina uzito kuliko linavyoonekana. Ugonjwa wa Paget kwa kawaida huanzia kwenye chuchu yenyewe, kisha hutambaa kwenda kwenye duara jeusi linaloizunguka, ilhali ukurutu mara nyingi huanzia kwenye duara hilo au ngozi ya pembeni na kuiacha chuchu salama au kuifikia mwishoni. Swali la tatu ni kama upande wa pili nao umeathirika. Ukurutu, mzio wa sabuni ya kufulia, upele na michubuko ya nguo hupenda kushika pande zote mbili. Mkimbiaji wa masafa marefu ambaye fulana imemchubua chuchu zote mbili, akapona baada ya kupumzika wiki moja, hana sababu ya kuogopa. Paget, karibu kila mara, hushika upande mmoja.

Kisha mgonjwa aulizwe kuhusu damu. Wanaume wengi hawaioni damu kwenye chuchu yao, huiona kwenye shati, kanzu au shuka, nao hudhani ni kung'atwa na mdudu. Mathew Knowles, baba wa mwanamuziki Beyoncé, alieleza hadharani nchini Marekani mwaka 2019 kwamba dalili iliyomstua ilikuwa alama ndogo ya damu kwenye shati lake, naye alikutwa na saratani ya titi. Simtaji kwa maana kwamba alikuwa na Paget. Namtaja kwa sababu alama kama hiyo, inapojirudia mahali pale pale pa nguo, yatosha kumpeleka mtu hospitali.

Dawa zilizokwisha kupakwa zitajwe zote, zikiwemo za kienyeji na zile zilizonunuliwa bila cheti. Krimu nyingi za madukani huchanganya dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi katika bomba moja. Steroidi hupunguza mwasho na uvimbe wa ngozi hata pale ugonjwa wa chini yake ni saratani, kwa hiyo nafuu ya siku kumi haithibitishi kwamba ulikuwa ukurutu. Mgonjwa asiseme tu kwamba alipaka krimu. Alete mabomba yenyewe, hata kama ni matupu.

Mwisho ni historia ya mwili na ya ukoo. Umri una nafasi yake, kwa kuwa wanaume wengi wanaopata saratani ya titi wamevuka miaka 60, lakini umri mdogo haumwondoi mtu kwenye orodha. Ugonjwa sugu wa ini huongeza kiwango cha homoni ya estrojeni mwilini, na vivyo hivyo matibabu ya homoni ya aina hiyo. Mionzi iliyowahi kupigwa kifuani, korodani ambazo hazikushuka utotoni, na hali ya Klinefelter, ambapo mwanaume huzaliwa na kromosomu X ya ziada na mara nyingi hugundulika anapotafuta chanzo cha kutopata watoto, zote huongeza uwezekano wa saratani hii. Katika ukoo, asiulizwe kuhusu mama na dada peke yao. Aulizwe pia kama yupo aliyepata saratani ya ovari, ya kongosho au ya tezi dume, maana kasoro ya kinasaba kiitwacho BRCA2 huunganisha saratani hizo zote. Mwanaume aliyeirithi ana uwezekano wa takribani 6 hadi 8 kati ya 100 wa kupata saratani ya titi katika maisha yake, wakati kwa mwanaume wa kawaida uwezekano huo ni mdogo kuliko mmoja kati ya 500.

Kutazama na kugusa

Uchunguzi ufanyike mahali penye mwanga wa kutosha, mgonjwa akiwa amevua shati lote. Kufungua vifungo viwili na kuchungulia hakutoshi, kwa sababu kinachotafutwa ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Atazamwe mikono ikiwa chini, kisha ikiwa juu ya kichwa, kisha akiwa ameshika kiuno na kukaza misuli ya kifua. Katika mkao huo wa mwisho, chuchu iliyovutwa na uvimbe wa ndani hujionyesha kwa kuelekea upande mmoja au kuzama.

Vitabu vingi vya tiba huandika kwamba ngozi ya Paget ni nyekundu, na maelezo hayo yamewapotosha wengi katika nchi zetu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama weusi uliokolea, rangi ya zambarau, au hata sehemu iliyopoteza rangi yake ikabaki na weupe. Tabibu atafute zaidi umbo kuliko rangi: magamba makavu, kigaga kinachorudi kila kinapobanduka, ngozi iliyochubuka na kulowa, mpaka unaoonekana wazi kati ya sehemu iliyougua na nzima, na chuchu iliyoanza kubapa au kulika. Chuchu iliyopoteza umbo lake ni dalili nzito kuliko mwasho mkali. Wapo pia wagonjwa ambao doa lao huwa jeusi tii, likafanana na melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi. Tofauti hiyo haiwezi kuamuliwa kwa macho, na haipaswi kujaribiwa.

Baada ya kutazama, mgonjwa alale chali, mkono wa upande unaochunguzwa ukiwa chini ya kichwa. Titi liguswe kwa sehemu bapa ya vidole vitatu, kwa mizunguko midogo, kuanzia kwenye mfupa wa mtulinga hadi chini ya titi na kutoka katikati ya kifua hadi kwapani, bila kuliruka eneo lililo nyuma kabisa ya chuchu. Chuchu ibanwe taratibu kuona kama inatoa majimaji, na kama ni ya damu. Kisha zikaguliwe tezi za kwapani na zile zilizo juu ya mtulinga, maana mtoki mgumu usiouma kwapani, kwa mtu asiye na kidonda mkononi, unahitaji maelezo.

Hapa ndipo hutokea mchanganyiko mwingine, ule wa titi la mwanaume lililokua kwa sababu ya homoni au dawa. Ukuaji huo huwa kama kisahani laini au kinachonesa kama mpira, kilicho katikati hasa nyuma ya chuchu, mara nyingi pande zote mbili, na mara nyingi huuma kinapobanwa. Huletwa na balehe, uzee, ugonjwa wa ini, na dawa kama spironolaktoni ya moyo au efavirenzi, ambayo watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika Afrika Mashariki waliitumia kwa miaka mingi. Uvimbe wa saratani kwa kawaida ni mgumu, hauumi, kingo zake hazieleweki, na mara nyingi hukaa pembeni kidogo ya chuchu. Lakini ukuaji wa titi kwa homoni hauchubui ngozi ya chuchu. Mwanaume mwenye titi lililokua pamoja na kidonda cha chuchu asiambiwe kwamba yote mawili ni athari ya dawa.

Jaribio la krimu na mwisho wake

Si kila chuchu inayowasha inastahili kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, siku hiyo hiyo. Ikiwa hakuna uvimbe, hakuna damu, chuchu haijabadilika umbo, na hali ni ya siku chache, ni sawa kutibu ukurutu au fangasi kwanza. Kinachotakiwa ni kwamba jaribio hilo liwe moja, liwe la wiki mbili, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye daftari la mgonjwa siku ile ile anapopewa dawa. Akirudi, ngozi iwe imerudi kuwa ya kawaida kabisa; kupungua si kupona. Kama haijapona, au imepona ikarudi baada ya kuacha dawa, hatua inayofuata ni rufaa kwa ajili ya kipimo cha kinyama. Krimu ya pili ndiyo kosa lenyewe, na ya tatu ni kosa lililozoeleka.

Ikiwa damu, uvimbe, kuzama kwa chuchu, kidonda kilicho wazi au mtoki wa kwapani umeonekana tangu mwanzo, jaribio la krimu lirukwe.

Zipo zahanati zinazoweza kukwangua magamba na kutafuta fangasi kwa darubini. Kipimo hicho ni kizuri na cha bei nafuu, ila kiwe na mpaka: kukuta fangasi juu ya kidonda hakufuti uwezekano wa saratani chini yake, kwa kuwa ngozi iliyochubuka hukaribisha vimelea. Vivyo hivyo, kukwangua seli na kuzitazama kunaweza kuonyesha seli za Paget zikiwepo, lakini zisipoonekana hakuna kilichothibitishwa.

Picha za titi

Wanaume wengi hushangaa kuambiwa wakapige mamogramu, yaani eksirei ya titi, na wengine hukataa wakiona bango lenye picha ya mwanamke mlangoni. Mashine ni ile ile, na titi la mwanaume hubanwa na kupigwa picha bila shida kubwa. Kwa mwanaume mwenye dalili, mamogramu huonyesha uvimbe wenye kingo zenye miiba, au chembechembe za chokaa zinazofuata mirija, na matiti yote mawili hupigwa ili yalinganishwe. Ultrasaundi hufuata, ikitazama eneo la nyuma ya chuchu na kwapa. Kwa kijana aliye chini ya miaka 25, ultrasaundi ndiyo hutangulia. Pale ambapo mamogramu haipatikani, ultrasaundi yenye kichwa kinachofaa kwa viungo vya juu juu, mikononi mwa mtu anayeijua, inaweza kulibeba jambo hadi kwenye kinyama.

Ni muhimu kusisitiza matumizi ya picha hizi. Kazi yake ni kuonyesha kama kuna kitu ndani ya titi, kiko wapi, na sindano ielekezwe wapi. Hazina mamlaka ya kusema kwamba kidonda cha chuchu si Paget, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa kwenye ngozi na kwenye mirija ya mwisho tu, picha ikatoka safi. Majibu safi ya mamogramu yamewarudisha nyumbani wagonjwa ambao walihitaji kisu cha milimita nne cha kukatia kinyama.

Kinyama

Kipimo kinachoamua ni kukata kipande cha ngozi ya chuchu na kukipeleka maabara ya patholojia. Kazi yenyewe ni ndogo. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, kisha daktari hutumia kisu cha mviringo chenye upana wa milimita tatu au nne, au hukata kabari ndogo kwa kisu cha kawaida, na kushona uzi mmoja au miwili. Inaweza kufanyika katika chumba cha upasuaji mdogo, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Hofu iliyoenea kwamba kukata kinyama huamsha saratani na kuitawanya haina msingi wa kuwazuia watu. Saratani isiyokatwa kinyama huendelea kukua ikiwa haina jina.

Ugumu uko kwenye mahali pa kukata. Kipande kinachochukuliwa kwenye kigaga peke yake, au kwenye duara jeusi mbali na chuchu, huweza kuzikosa seli zinazotafutwa. Kikate pale ambapo ugonjwa unaonekana wazi, kikichukua sehemu ya chuchu, na kishuke kina cha kutosha kupata unene wote wa ngozi, na ikiwezekana mrija mmoja wa chini yake. Juujuu hakufai, maana ngozi ya juu ikiwa imemomonyoka kipande kinaweza kufika maabara bila tabaka lile linalobeba seli zenyewe.

Kama kuna uvimbe, nao upimwe kwa njia yake, na njia inayofaa ni sindano nene inayokata vijiti vya nyama, ikiongozwa na ultrasaundi inapowezekana. Sindano nyembamba ya kunyonya seli hutumika sana kwetu kwa kuwa ni rahisi, nayo inaweza kusema kwamba seli ni za saratani, ila haiwezi kueleza kama saratani imevamia nyama za jirani au bado imejifungia mirijani. Kuukimbilia uvimbe na kuutoa wote kabla ya kujua ni nini huvuruga upasuaji wa pili, ambao ndio wa tiba.

Kinachofuata dakika chache baada ya kukata huharibu majibu mengi kuliko ufundi wa kukata. Kipande kiingizwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10 iliyochanganywa vizuri, ndani ya saa moja, na ujazo wa fomalini uwe angalau mara kumi ya kipande. Kisiwekwe kwenye maji, kwenye spiriti, wala kwenye dripu ya chumvi kikisubiri gari la kwenda mkoani. Kikae kwenye fomalini kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi 72, kwa sababu vipimo vya vipokezi vya homoni, yaani protini za seli zinazopokea homoni, hupoteza ukweli wake nje ya muda huo. Hospitali ya wilaya inayopeleka sampuli mara moja kwa wiki yapasa kulipanga hilo kabla ya kumwita mgonjwa. Chombo kiandikwe jina, umri, upande na tarehe ubavuni, si kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana.

Fomu ya maombi iandikwe kwa maneno kamili. Tabibu aliyeandika tu kwamba ni kidonda cha ngozi amemnyima mwanapatholojia nusu ya msaada. Aandike kwamba ni chuchu ya mwanaume, upande fulani, ya muda fulani, imetumia dawa fulani bila kupona, kuna au hakuna uvimbe, na aandike wazi kwamba anashuku ugonjwa wa Paget.

Yanayotafutwa chini ya darubini

Mwanapatholojia hutafuta, ndani ya tabaka la juu la ngozi, seli kubwa zenye mwili mpana uliopauka na kiini kikubwa, zikiwa moja moja au katika makundi madogo kati ya seli za kawaida. Zikionekana, bado kuna magonjwa mawili ya kutofautisha nazo: melanoma, na ugonjwa wa Bowen, ambao ni saratani ya awali ya seli za ngozi yenyewe. Hapo hutumika rangi za kingamwili, ambazo kila moja hunasa protini fulani ya seli na huitwa kwa jina la protini hiyo. Seli za Paget kwa kawaida hukubali rangi ya CK7, na nyingi hukubali ya HER2. Melanoma hukubali S100 na alama nyingine za seli za rangi. Ugonjwa wa Bowen hukubali alama za seli za ngozi kama p63 na CK5/6 na kwa kawaida huikataa CK7. Zipo pia seli zisizo na madhara ziitwazo za Toker ambazo hukubali CK7 kama Paget, ndiyo maana rangi moja peke yake haitoshi na umbo la seli linabaki kuwa shahidi mkuu.

Baada ya jina la ugonjwa kupatikana, maabara iombwe ipime vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni na HER2, kwenye saratani ya ndani ya titi ikiwa ipo. Saratani za titi za wanaume, takribani 9 kati ya 10, zina vipokezi vya estrojeni, na hilo huelekeza dawa atakazopewa mgonjwa. Tanzania ina maabara za patholojia katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, na nchini Kenya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni mojawapo. Si kila rangi huwapo kila siku, kwa hiyo daktari aulize kabla ya kutuma sampuli.

Kuisoma ripoti

Ripoti ikisema Paget, swali linalofuata ni kama kuna saratani iliyovamia. Kidonda cha chuchu chenye Paget peke yake, bila uvimbe wala uvamizi, huhesabiwa katika hatua ya awali kabisa. Penye uvimbe uliovamia, hatua huhesabiwa kwa ukubwa wa uvimbe huo na hali ya tezi za kwapani, wala si kwa kidonda. Ndiyo maana mgonjwa ambaye picha zake zilikuwa safi hupaswa kurudiwa uchunguzi wa titi zima baada ya kinyama kuthibitisha, kwa mashine ya sumaku (MRI) inapopatikana. Picha ya kifua, ultrasaundi ya ini au sitiskani, na kipimo cha mifupa huombwa pale kuna uvamizi, tezi zilizovimba au maumivu yenye kutia shaka, na si kwa kila mtu.

Ripoti ikisema ni mwako wa kawaida wa ngozi, kama ukurutu, na kidonda bado kipo, ripoti hiyo isifunge faili. Tabibu amtazame mgonjwa, alinganishe anachokiona na kilichoandikwa, na kama havikubaliani, kinyama kirudiwe, safari hii kikiwa kirefu zaidi au kutoka sehemu nyingine ya chuchu. Kumwambia mgonjwa kwamba kipimo kinarudiwa kunahitaji maneno ya upole, kwa kuwa wengi hudhani wamepotezewa sampuli au wanadanganywa. Aelezwe kwamba kipande cha milimita nne ni kidogo, na ugonjwa unaweza kuwa milimita tano kutoka pale.

Lipo jambo ambalo ripoti haiandiki: aibu. Mwanaume anayeambiwa ana saratani ya titi huweza kuficha karatasi hata kwa mkewe, akiona amepewa ugonjwa wa wanawake. Tabibu anayempa majibu amwite faraghani, ataje jina la ugonjwa bila kuzungukazunguka, na amuulize angependa nani awepo. Edward Brooke, aliyekuwa seneta wa Marekani, alipata saratani ya titi mwaka 2002, akaueleza umma mwaka uliofuata ili wanaume wengine wajipime. Si kila mtu atapenda kufanya hivyo, lakini jina moja la mwanaume mwenzake linalojulikana humsaidia mgonjwa kuliko takwimu kumi.

Kwa kila mwanaume aliyethibitishwa kuwa na saratani ya titi, inashauriwa kupima vinasaba, BRCA2 kwanza, hata kama hakuna mwingine katika ukoo anayejulikana kuugua. Kasoro hiyo ikipatikana, kila mtoto wake, wa kiume na wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, na mabinti ndio wenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya titi na ya ovari, kwa hiyo wao nao huitwa wapewe ushauri. Kipimo hiki ni ghali na mara nyingi sampuli hupelekwa mbali. Asiyekimudu sasa aweke kumbukumbu za ukoo kwa maandishi: nani aliugua nini, akiwa na umri gani, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama.

Kabla ya kuondoka kwenda hospitali ya tiba, kama ni Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, au kwingineko, mgonjwa aombe nakala ya ripoti yenye namba ya maabara, picha zote alizopigwa, na aulize bloku ya nta iliyobeba kinyama chake imehifadhiwa wapi. Kipimo kilichokosekana leo kinaweza kufanywa baadaye kwa kukata tabaka jembamba kutoka kwenye bloku hiyo hiyo, bila kumrudisha mgonjwa kwenye kisu.